Watoto wa Kukimbia

Mama yangu alinitia ugonjwa mara tatu katika mwaka mmoja wa shule, na mara zote tatu kwa mwandiko mzuri. Muhula wa kwanza aliwaandikia walimu kwamba nina pumu. Muhula wa pili moyo wangu ulikuwa mwepesi. Muhula wa tatu ilikuwa mguu, na mguu upi hakusema. Barua zote zilimalizia kwa ombi moja: mtoto huyu asamehewe michezo.

Mimi nilikuwa mzima. Nilikula kama nimetumwa, na usiku nililala mpaka mdogo wangu alalamike kwamba nakoroma. Lakini Mama alikuwa na hesabu zake. Mtoto akicheza hupata rafiki, akipata rafiki huongea, na akiongea husema mambo ya nyumbani. Sisi tulikuwa watu wa Mombasa tunaokaa Kampala, ghorofa ya pili, Bukoto, na baba yetu alikuwa fundi wa friji. Wanajeshi walikuwa wameshika nchi miaka kadhaa, na mwaka ule serikali ya huko na serikali ya kwetu zilikuwa zimegombana. Mkenya akawa mtu wa kutazamwa mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu saba. Amri ya Mama ilikuwa moja: shuleni, nyumbani, basi.

Kwa hiyo kipindi cha michezo kilipofika, sisi watoto wa wageni tulisimama ukutani. Mimi, mdogo wangu, wana wawili wa mfanyabiashara wa Kikongo, na msichana mmoja wa Kinyarwanda ambaye mama yake, baadaye niligundua, alikuwa bingwa wa kuandika barua kuliko hata wangu. Wenzetu wakifukuzana vumbini, sisi tunachuna rangi ya ukuta kwa kucha. Nilichukia ukuta ule. Nauchukia mpaka leo.

Siku moja mwalimu wa michezo akatujia. Alikuwa Mganda, mwanamke mrefu mwembamba, mwenye pengo mbele na filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Kampala, cha kuvunjavunja:

"Nyinyi nashika hii ukuta, mkiacha itaanguka?"

Tukaondoa kucha ukutani. Akanijia mimi.

"Wewe. Pumu, moyo, mguu. Unataka nini kwa kweli?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. "Nataka kukimbia," nikasema.

Wallahi ni hayo tu niliyosema. Maneno mawili. Na maneno hayo mawili nusura yatumalize sote.

Lazima nieleze kitu hapa, la sivyo Mama ataonekana mwendawazimu, na hakuwa. Siku zile Kampala, Kiswahili hakikuwa lugha ya kumwambia mtu hujambo. Kilikuwa lugha ya wanajeshi, ya kambini na ya kizuizini. Baganda wengi walikiogopa, na waliokijua walikificha. Mama, ambaye Kiswahili ndicho alichonyonya, sokoni alinunua ndizi kwa kidole: hizi, ngapi, asante kwa kichwa. Akifungua mdomo watu wawili wangesogea pembeni, mmoja akidhani huyu ni mke wa afande, wa pili akijua huyu ni Mkenya. Sasa mwanamke wa Kiganda akugongee mlango nyumbani kwako na aseme "Hodi"? Huyo katoka wapi? Nani kamfundisha?

Ilikuwa Jumamosi, alasiri. Mama alifungua mlango upana wa mkono.

"Habali ya hapa, mama," mwalimu akasema. Mkononi alikuwa na zile barua tatu na daftari kubwa la jalada gumu. "Mimi mwalimu ya mtoto yako. Yeye ameniambia anataka kukimbia."

Nilikuwa nyuma ya Mama, nikichambua mchele. Niliuona mkono wake ukipanda na kushika fremu ya mlango.

"Nani anataka kukimbia?"

"Mtoto. Na mdogo yake pia. Hata wewe, mama, kama unataka. Nyinyi wageni wote lazima kukimbia." Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Bambi, kukaa ndani ya nyumba namna hii, mtakufa."

Nikikumbuka leo nacheka mpaka mbavu ziume. Siku ile hapakuwa na kicheko. Mama alibadilika sauti.

"Sisi hatukimbii, mwalimu. Sisi tumekaa. Tumeridhika. Tunaipenda serikali na hatuendi popote. Kaandike hivyo."

"Naandika majina tu." Akafungua daftari. "Watoto mbiri? Nyumba namba ngapi hii?"

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Mimi najituma mwenyewe."

Siku zile hakuna aliyejituma mwenyewe. Hata aliyekuja kusoma mita ya maji alikuwa ametumwa na mtu, nawe ulimchunguza ukijiuliza ni nani. Mama akasema mtoto ana mguu mbaya, akafunga mlango, akakaa ameuegemea. Kisha akanijia na kunizaba kofi lililonimwaga pamoja na ungo.

"Nani kakwambia wewe kwamba tunakimbia?"

Hakuna aliyeniambia. Ndivyo nilivyojua.

Mchele umetapakaa sakafuni, shavu linawaka, na mimi nimeketi katikati yake nikiunganisha mambo. Zile safari za Baba kwenda kuuliza mabasi. Ile "harusi ya Mombasa" ambayo walikuwa wakiitaja kwa sauti ya chini, na mimi nikishangaa mbona hata bibi harusi hatajwi. Kumbe hapakuwa na harusi. Tulikuwa tunaondoka, moja kwa moja, mara tu shule zikifungwa, kama watu wanaokwenda likizo, na mifuko miwili tu ili asishtuke mtu. Zilikuwa zimebaki wiki tisa. Wiki tisa za kutofanya kosa lolote. Na mimi, bila kujua, nilikuwa nimekwisha kwenda kutangaza.

Baba aliporudi, Mama alimvuta jikoni akafungulia bomba la maji ili majirani wasisikie.

"Alisema kukimbia?" Baba akauliza. "Kukimbia gani?"

"Kwani kuna kukimbia ngapi?"

"Kuna mbili, mke wangu. Kuna ya miguu na kuna ya..." Hakumalizia. "Yeye ni mwalimu wa michezo."

"Ndiyo. Na anaandika namba za nyumba. Michezo gani hiyo inayotaka namba ya nyumba?"

Baba alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimkera Mama kuliko ukali wa watu wengine. Lakini siku ile alisema jambo ambalo Mama hakuweza kulipangua. Alisema mtu asiye na mpango wa kuondoka hana sababu ya kumnyima mwanawe mchezo. Tukiendelea kukataa, mwalimu atajiuliza kwa nini. Akijiuliza, atamuuliza mwingine.

Basi tukaanza kuigiza watu wanaokaa. Wiki ileile Mama alinunua kabati. Si kabati la kawaida. Lilikuwa pande la mti, la mtu aliyekuwa akihama, na aliwalipa wanaume watatu walipandishe ngazi mchana kweupe, naye akiwaelekeza kwa sauti jengo zima likisikia. "Polepole! Hilo ni la maisha!" Majirani wakatoka kutazama. Nani ananunua kabati la maisha kama yu njiani kutoroka? Mama alifurahi na hila yake siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuwashuku wale wabebaji: mmoja alikuwa ametazama sana chumba cha kulala.

Na Jumamosi iliyofuata akatupeleka kukimbia.

Uwanja ulikuwa chini ya shule, mteremko kidogo, upande mmoja shamba la mihogo, upande wa pili njia ya watu waendao Ntinda. Tulikuwa watoto kumi na wanne, wageni watupu. Mwalimu alikuwa amezunguka nyumba zote na barua zote. Akapuliza filimbi, akapunga mkono: "Kimbia!"

Nikakimbia. Sijui niseme nini zaidi. Sikuwa nimekimbia mwaka mzima, isipokuwa ngazi za jengo letu, na hizo pia kwa kunyata. Mzunguko mmoja ulinikata pumzi, kifua kikachoma, nikaanguka kwenye majani, nikacheka peke yangu kama kichaa. Nilikuwa na furaha. Niliionea haya furaha ile, maana nilijua imetoka wapi na ingeweza kutugharimu nini, lakini ilikuwa furaha na sitaikana.

Mama hakufurahi. Mama aliketi juu ya jiwe, amejifunga leso, akitazama. Alimtazama mwalimu. Aliwatazama wazazi wengine. Alitazama kila aliyepita njia ya Ntinda, na aliyepita mara mbili alimkariri mpaka viatu. Tukifika nyumbani analalamika: huyu mwanamke anawakimbiza watoto wangu, wakirudi wanataka chai ya sukari, na sukari yenyewe dukani haionekani mwezi wa pili huu, hata hilo labda ni hila, kutumaliza akiba. Baba akasema, "Mke wangu, hila ya sukari?" Mama akasema, "Cheka tu."

Jumamosi ya tatu mwalimu alimwendea pale jiweni.

"Mama, tafadhali, nawe kimbia."

"Mie? Na miguu hii?"

"Wamama wengine wananiambia hawataki kuja." Akainama, akashusha sauti. "Wanasema kuna mwanamke anakaa kwa jiwe, anatazama watu, hacheki, na Kiswahili yake ni safi sana. Wanasema huyo anaandika watu kwa kichwa. Wanakuogopa wewe."

Mama aogopwe! Aliyekuwa akihesabu viatu vya wapita njia kwa hofu, kumbe wapita njia walikuwa wakihofu macho yake. Mke wa yule Mkongo alikuwa amemficha mwanawe mdogo siku mbili kwa sababu ya Mama yangu.

"Mie, mpelelezi?" akasema. Akasimama, akavua viatu, akakimbia. Alikimbia kwa hasira, leso inamkwama magotini, nusu uwanja, akatapikia kwenye mihogo. Wamama wakacheka, si kwa ubaya. Jumamosi iliyofuata walikuwa sita.

Hapo ndipo Mama na mwalimu walipoanza, siwezi kusema urafiki. Kukerana kwa karibu, labda. Mwalimu alikimbia na sketi ndefu iliyojaa pini, maana mwanamke kuonyesha magoti ilikuwa marufuku ya serikali na watu walikamatwa kwayo. Pini zilimchoma kila hatua. Mama alivumilia kutazama Jumamosi moja, mbili, ya tatu akashindwa. "Njoo hapa," akasema. Akamfundisha kujifunga kibwebwe kwa leso, juu ya sketi, kwa mkazo wa ngoma ya harusi, nguo isipande wala isishuke. Leso ilikuwa yake, upande mmoja wa doti yake nzuri. "Nakuazima," akamwambia. "Sijakupa. Elewa tofauti."

"Naelewa, mama."

"Na jambo jingine. Ukiwaita watoto wote, usiseme 'kimbia'. Kimbia ni mmoja. Wakiwa wengi ni 'kimbieni'."

"Kimbia ni sawa tu. Wanakimbia."

"Wanakimbia, lakini unaniumiza masikio."

Mwalimu akacheka lile pengo likaonekana lote. Akapuliza filimbi. "Kimbia!" akapaza sauti, makusudi kabisa.

Ikawa mchezo wao. Kila Jumamosi Mama anasahihisha, kila Jumamosi mwalimu hashiki. "Ni kimbieni, mwalimu. Eni. Eni!" "Ndiyo, mama. Kimbia!" Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukiigiza nyumbani, mmoja Mama, mmoja mwalimu, mpaka tukakatazwa.

Lakini msidhani Mama alimwamini. Siku moja alimuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, Kiswahili alikipatia wapi. Mwalimu akasema alilelewa katika laini za polisi. Baba yake alikuwa askari polisi tangu enzi za Mwingereza. Mama aliitikia "Aa" tu. Njiani kurudi aliniminya mkono mpaka ukafa ganzi. "Nilijua," akasema. "Nilijua, nilijua. Mtoto wa polisi!" Baba alipomkumbusha kwamba hata polisi huzaa walimu, alinuna siku mbili.

Kilichomnyima usingizi kabisa ni lile daftari. Mwalimu alikuwa analo kila Jumamosi, na kila baada ya mzunguko anaandika. Anaandika nini? Siku alipokwenda kumfunga mtoto mmoja kidonda cha gotini, aliliacha juu ya jiwe. Mama akaketi kando yake, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mimi siku ile, akalifungua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasoma juu ya bega.

Majina yetu. Nchi zetu. Namba za nyumba, na kando ya namba, nani mlango wake una mbwa, nani mama yake huwa kazini mpaka saa kumi: mambo ya mtu anayepita nyumba kwa nyumba kuwachukua watoto. Kisha mizunguko, kurasa kwa kurasa. Mdogo wangu: mmoja, mmoja, mmoja na nusu, miwili, mitatu. Penye mitatu mwalimu alikuwa amechora nyota. Mama alikuwa na mstari wake pia, na mwanzoni mwa mstari kulikuwa na nusu moja tu, ile ya kutapika.

Akalifunga. Jaladani, kwa herufi kubwa za wino wa buluu, paliandikwa: WATOTO YA KUKIMBIA. WAGENI, BUKOTO.

"Hata 'wa' hajui kuandika," Mama akanong'ona. Na kalamu ilikuwa pale pale. Mama yangu, mwoga wa kila kitu, ambaye hakutaka jina lake liwe mahali popote, alishindwa kujizuia mbele ya kosa la sarufi. Akaigeuza ile YA ikawa WA, vizuri, kwa mwandiko wake wa barua za ugonjwa, akarudisha daftari mahali pake.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili shule zifungwe.

Jumamosi iliyofuata mtu alisimama njia ya Ntinda na hakupita. Mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, anakula karanga kutoka kwenye karatasi. Alitutazama mizunguko miwili mizima. Kisha akashuka uwanjani bila haraka, akamwomba mwalimu daftari kwa adabu. Namna mwalimu alivyonyooka na kusema "Ndiyo, afande," sote tukajua ni mtu wa usalama.

Akasoma jalada kwa sauti, neno moja moja, akitafuna.

"Watoto. Wa kukimbia. Wageni." Akainua macho. "Nakimbia kwenda wapi?"

"Hapa tu, afande. Wanazunguka."

"Mtu nakimbia, iko mahali anakwenda."

"Ni michezo, afande. Afya ya watoto. Walikuwa wanakaa ndani tu."

"Kwa nini wageni peke yake?" Akafungua, akafunua kurasa. Namba za nyumba. Nani yuko kazini mpaka saa ngapi. Kidole chake kilishuka polepole juu ya mistari, na nikakiona kikipita kwenye mstari wetu. "Hii kitabu naonyesha nyumba ya kila mgeni. Wewe napangia hawa watu safari?"

Mama alikuwa hatua nne kutoka pale. Angeweza kueleza. Katika uwanja ule wote ni yeye peke yake aliyekuwa na Kiswahili cha kulitenganisha neno lile, kusema kuna kukimbia kwa miguu na kuna kukimbia kwa kutoroka, afande, na mwalimu huyu anajua moja tu. Sentensi mbili zingetosha. Lakini akifungua mdomo Mombasa nzima ingetoka, na sisi ndio tuliokuwa na safari kweli. Akaukaza mkono wangu, akatazama mihogo.

Yule bwana akarudia jalada. Akaikwaruza ile WA kwa ukucha. "Hii Kiswahili safi. Nani ameandika?"

"Mimi, afande," mwalimu akasema. "Baba yangu alikuwa polisi. Alinifundisha."

Hakumtazama Mama. Hata jicho halikucheza.

Bwana akampa daftari. Akasema, bado kwa adabu, kwamba Jumatatu saa tatu atakuja shuleni, na anataka kuwakuta baba za watoto wote walioandikwa humo, kila mmoja na karatasi zake. Akamkabidhi mdogo wangu karanga zilizobaki, akampapasa kichwa, akapanda kurudi njiani.

Kisha mwalimu akapuliza filimbi, kama siku zote, akapunga mkono: "Kimbia! Mzunguko ya mwisho! Kimbia!" Tukakimbia, maana yule bwana angeweza kuwa anatutazama bado. Mwalimu akaja akakimbia ubavuni mwa Mama. Mimi nilikuwa hatua moja nyuma, nikiona kisigino cha mwalimu na pindo la leso ya Mama kiunoni mwake.

"Mama," akasema, bila kugeuza uso. "Kimbieni."

Mama akahema. "Nakimbia, mwalimu. Si unaniona."

"Kimbieni," akasema tena. Eni. Aliitamka yote, mpaka mwisho wake.

Kisha akatuacha, akaongeza mwendo, akawafikia watoto wa mbele. "Kimbia!" nikamsikia akiwaambia. "Kimbia, kimbia, banange, wewe miguu gani hiyo!"

Nyumbani Mama alizitupa zile karanga chooni, akanawa mikono mara tatu, akamwambia Baba. Na hata hapo, hata hapo, alishuku. "Huenda ni mtego," akasema. "Mtoto wa polisi. Tukitoka tu tunadakwa njiani, na wao wana ushahidi kwamba tulikuwa tunakimbia."

"Alisemaje hasa?"

"Kimbieni."

"Labda kajifunza tu. Si umemfundisha?"

"Kila Jumamosi namfundisha, hakushika hata mara moja. Leo ashike? Na nilikuwa peke yangu!" Akajisikia alichosema. "Alikuwa anasema na mimi peke yangu," akarudia, polepole.

Baba akaweka bisibisi mezani. Jumapili asubuhi tuliondoka na nguo za kwendea harusini. Hatukuchukua hata mifuko miwili. Kabati la maisha likabaki limesimama. Karibu na mpaka tulishuka basi kabla ya kizuizi tukafuata njia za panya, na mahali pawili mtu aliyetuongoza alisema tukimbie, tukakimbia kweli, mdogo wangu kwa miguu yake mwenyewe, bila kubebwa wala kulia. Mama hakusimama hata mara moja kupumzika. Nilimwangalia nikajua ni nani aliyempa pumzi ile, na najua naye alijua.

Nimezeeka sasa. Mama alikufa Mombasa kitandani mwake, na katika sanduku lake tulikuta upande uliobaki wa doti ile, ambao hakuufunga tena. Hakupata kusema alimwamini yule mwanamke. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu kwa hasira, "Nilimwazima, sikumpa," akalia siku nzima. Tuliwauliza watu waliotoka Kampala baadaye, wengi, kwa miaka. Hakuna aliyejua mwalimu aliishia wapi.

Ninachojua ni kwamba Jumatatu saa tatu yule bwana alirudi shuleni, maana watu wa namna ile walirudi. Nilimwona Mama akihofu wiki nenda wiki rudi kwamba daftari lile litatusingizia. Halikutusingizia. Tulikimbia sisi, tukalifanya kuwa kweli, jina na nyumba, hadi ile WA iliyosahihishwa. Na aliyesimama nalo mkononi asubuhi ile, leso yetu kiunoni, alikuwa mwalimu.